Mama Yake Yuko Wapi? Barua kwa Wanunuzi wa Watoto wa Mbwa, Tunduma na Songwe

Kwa wazazi, kaka, dada na vijana wa Tunduma, Mpemba, Mlowo, Vwawa, Itumba na Mkwajuni.

Barua hii inatoka Uingereza na mwandishi wake ni mzaliwa wa Tunduma. Inahusu watoto wa mbwa wa kizungu wanaouzwa kwa picha kwenye WhatsApp na Instagram, na zaidi inawahusu mama zao, ambao kwenye picha hizo mara nyingi hawaonekani.

Mnunuzi anafahamika. Amejenga Mpemba au Vwawa, amezungusha ukuta, sasa anataka German Shepherd au Boerboel wa kulinda. Ana yadi ya malori, au ghala la mahindi, au mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu huko Saza. Yupo pia mwana aliye ughaibuni, anayetaka wazazi wake walale kwa amani. Huyu wa mwisho ndiye anayemfaa kuliko wote muuzaji asiye mwaminifu, kwa sababu analipa bila kukanyaga kwenye banda. Anaoneshwa picha ya kitoto kinene kilichoketi juu ya taulo safi, anatuma laki kadhaa kwa simu, na mzigo unapandishwa basi. Njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma inazidi kilomita 900, na kiumbe aliyeachishwa ziwa juzi anaisafiri yote ndani ya boksi.

Uingereza ilinunua hivyo hivyo kwa miaka mingi, ila badala ya simu kulikuwa na duka au sebule ya dalali.

Magharibi mwa Wales, katika wilaya za Carmarthenshire na Ceredigion, mabanda yaliyokuwa ya kuku na nguruwe yaligeuzwa kuwa ya kuzalishia mbwa. Mwaka 2013 alitolewa katika shamba moja la Wales jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyekuja kuitwa Lucy. Nyonga zake zilikuwa zimegandana kwa kukaa muda mrefu ndani ya kizimba, uti wa mgongo umepinda, manyoya yamenyonyoka sehemu sehemu, na alikuwa na kifafa. Alichukuliwa na mwanamke aitwaye Lisa Garner, akaishi naye kama mbwa wa nyumbani hadi alipokufa Desemba 2016. Mwaka uliofuata daktari wa wanyama Marc Abraham alianzisha kampeni kwa jina la Lucy. Sahihi zilizidi 100,000, wabunge wakaijadili Mei 2018, na tarehe 6 Aprili 2020 Sheria ya Lucy ikaanza kutumika England. Wales, alikotoka Lucy mwenyewe, ilifuata Septemba 2021.

Mashamba mengi ya aina hiyo yalikuwa na leseni za halmashauri. Karatasi zilikuwepo, wakaguzi walikuwepo, na mateso yaliendelea, kwa sababu kati ya banda na mnunuzi alisimama dalali. Mnunuzi aliona mtoto aliyeogeshwa na kufungwa utepe. Mama alibaki mamia ya kilomita nyuma, gizani. Sheria ya Lucy ilimwondoa dalali. Tangu hapo, mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi sita anauzwa na yule tu aliyemzalisha, na mnunuzi anaoneshwa mtoto akiwa na mama yake pale pale alipozaliwa. Kanuni za mwaka 2018 zilikuwa zimekwisha kuweka mipaka mingine kwa wafugaji wenye leseni: mtoto asiuzwe kabla ya wiki nane, jike asipandishwe kabla ya miezi 12, na asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12.

Mipaka hiyo inatokana na mwili wa mbwa ulivyo. Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Mfugaji anayefuata faida peke yake humpandisha kila joto, kuanzia lile la kwanza, akiwa bado anakua. Mifupa yake mwenyewe inadai chokaa, mimba inadai chokaa, kisha vinywa saba au kumi vinadai maziwa, na chakula ni ugali mkavu. Jike wa namna hiyo huonekana mzee akiwa na miaka mitano. Anapokoma kuzaa hana bei tena, na hapo ndipo baadhi yao hutupwa barabarani.

Watoto nao wana saa yao. Wiki mbili za kwanza hawaoni, hawasikii, na miili yao haiwezi kujitengenezea joto la kutosha. Anayeijua Mbozi ya Juni na Julai anaelewa sakafu ya saruji usiku wa manane inawafanyia nini. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, ubongo wa mbwa hujifunza nani ni rafiki, mkono wa mtu ni kitu gani, na mchezo wa ndugu zake unaishia wapi kabla haujawa kung'atana. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller waliyaandika haya mwaka 1965 baada ya kuwachunguza mbwa kwa miaka mingi. Mtoto anayetenganishwa na mama akiwa na wiki tano, akafungiwa peke yake, hukosa somo hilo, na mara nyingi hukua akiwa mwoga. Mbwa mwoga huuma. Watu wengi wanaodhani wamenunua mbwa mkali wa ulinzi wamenunua mbwa mwenye hofu, na wa kwanza kuumwa huwa mtoto wa nyumbani.

Halafu kuna parvo. Virusi hivi vilijitokeza duniani mwaka 1978, na wafugaji wa mbwa wote wanavifahamu: kutapika, kuhara damu, kifo ndani ya siku chache. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi mtoto afikishe wiki 16 hivi, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo ya mwanzo isifanye kazi. Sindano moja kabla ya safari haitoshi. Dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza tangu virusi viingie mwilini, kwa hiyo mtoto anaweza kupandishwa basi akirukaruka na akafia mikononi mwa mnunuzi wiki hiyo hiyo, na virusi vikabaki kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi vikimsubiri atakayeletwa badala yake. Muuzaji atasema alimtoa akiwa mzima. Huenda hata yeye anaamini hivyo.

Sehemu nyingine ya habari hii watu wa mpakani wataielewa upesi kuliko Waingereza. Mwaka 2012 Uingereza ililegeza masharti ya kuingiza mbwa wa familia kutoka Ulaya. Kipimo cha damu na kusubiri miezi sita viliondolewa. Walanguzi wakaona mlango: watoto wa mbwa kutoka Hungary na Lithuania wakaanza kupitishwa bandari ya Dover kwa pasi za wanyama wa nyumbani, umri umeongezwa, chanjo zimeandikwa bila kuchomwa. Shirika la Dogs Trust lilifichua hayo mwaka 2014 kwa uchunguzi wa siri, na tangu mwisho wa 2015 limekuwa likiwatunza kwenye karantini watoto wanaokamatwa Dover. Wengi wao wana umri mdogo mno kuruhusiwa kuvuka, kwa kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wiki ya 12 na baada yake lazima zipite siku 21.

Tunduma ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019, ina reli ya TAZARA, ina malori ya shaba yanayopanga foleni usiku na mchana, na ina njia za panya za kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambazo kila mtoto wa mji anazijua. Mtoto wa mbwa wa wiki sita hutosha ndani ya koti. Mji wa namna hii ukiwa na wanunuzi wasiouliza maswali, walanguzi wataufuata.

Na hapo hatari inavuka kutoka kwa wanyama hadi kwa watu. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa huanzia kwenye kuumwa na mbwa. Kwa Tanzania watafiti wamewahi kukadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Pemba inatoa fundisho la karibu. Kampeni za chanjo zilikuwa zimeukomesha ugonjwa kisiwani, kisha mwaka 2016 ukarudi, umeletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa, ikabidi chanjo zianze upya hadi ukakomeshwa tena. Kisiwa kizima, chenye bahari pande zote, kilirudishwa nyuma namna hiyo. Tunduma inatenganishwa na Nakonde na barabara.

Vijana wataona barua hii inawazibia riziki. Hoja yao ina uzito: ajira ni chache, bei ya kahawa ya Mbozi hupanda na kushuka, na jike mmoja akizaa vizuri anaweza kulipa ada za shule. Ila hata njia hii ina historia. Missouri, jimbo la wakulima katikati ya Marekani, liligeuka kuwa kitovu cha biashara ya watoto wa mbwa baada ya wakulima kuona mbwa wanalipa kuliko mazao. Biashara ikakua hadi ikawa na nguvu ya kisiasa. Mwaka 2010 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha kikomo cha mbwa 50 wa kuzalisha kwa mfugaji mmoja. Mwaka 2011, kabla hata hakijaanza kutumika, wanasiasa wa jimbo wakakifuta. Songwe bado iko mwanzoni, na wakati wa kuweka utaratibu ni wakati biashara ingali ndogo.

Kijana wa Sogea mwenye jike mmoja anayelala barazani, anayemjua kwa jina, anayemzalisha mara moja kwa mwaka na kuwakaribisha wanunuzi nyumbani, hana sababu ya kukasirishwa na barua hii. Ndiye atakayenufaika wanunuzi wakianza kudai kumwona mama. Anayepata hasara ni yule mwenye majike kumi nyuma ya mabati, na yule anayekusanya watoto kutoka huku na kule na kuwauza kwa jina la "mzao wetu".

Sheria ya nyumbani ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamlinda mbwa sawa na ng'ombe, inakataza ukatili na uzembe katika utunzaji, na inaweka wakaguzi. Maafisa mifugo wa Songwe, hata hivyo, wana ng'ombe, kuku na homa ya nguruwe ya kuwashughulisha, na hakuna atakayekwenda kugonga mageti kutafuta majike waliokonda. Macho yatakayofika uani kwa urahisi ni ya mnunuzi.

Kwa hiyo mnunuzi afike. Amwone mama akiwa na watoto wake, na asiridhike na jike yeyote aliyefungwa pembeni, maana hata England wapo waliojaribu kuazima mama wa bandia. Mama wa kweli ana matiti yaliyojaa au yaliyovutwa, na watoto humkimbilia. Atazame sakafu, maji, na mbavu zake. Aulize amezaa mara ngapi na lini mara ya mwisho. Adai kadi ya chanjo yenye jina na mhuri wa daktari wa mifugo, na akikuta imeandikwa kwamba mtoto wa wiki sita amechanjwa kichaa cha mbwa, aishuku. Mtoto ambaye hajafikisha wiki nane asichukuliwe hata kwa punguzo, kwa sababu punguzo hilo ndilo linalomrudisha mama haraka kwa dume.

Kabla ya hayo yote, mnunuzi ajiulize kama mbwa wa kienyeji hamtoshi. Mbwa wa Kinyiha na Kinyamwanga aliyelelewa vizuri, akachanjwa na kushiba, hubweka usiku kama mwingine yeyote, na hajabebeshwa nyonga mbovu ambazo German Shepherd wengi hurithi. Dar es Salaam shirika la TAWESO, na Arusha kituo cha Mbwa wa Africa, wamekuwa wakiwahudumia mbwa wa aina hiyo kwa kuwachanja na kuwahasi, na Halmashauri ya Mji wa Tunduma ingeweza kuwaomba ushauri kabla ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28.

Kwa walio nje, kutoka Leicester hadi Muscat, ombi ni fupi zaidi. Anayetaka kuwapelekea wazazi mbwa asitume pesa kwa picha. Amwombe mjomba wa Mlowo au shangazi wa Chapwa apande bajaji, aende bandani, apige simu ya video akiwa amesimama mbele ya mama na watoto. Muuzaji akisema mama yuko shamba, au amesafiri, au ni mkali mno haonekani, pesa zibaki mfukoni na shangazi arudishiwe nauli yake.

Wenu,
Mzaliwa wa Tunduma, Uingereza