Baiskeli nazo zipewe njia



Ningependa kila kijana wa Mtwara aende Mikindani kwa baiskeli walau mara moja. Ni kama kilomita 10 tu. Ataiona ghuba, Boma la Wajerumani la 1895, na mji alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866. Somo hilo halina nauli.

Lakini barabara hiyo hiyo hupitisha malori ya makaa ya mawe yaendayo bandarini. Wauza samaki na wanafunzi wenye baiskeli hubanwa ukingoni. Nawaomba wahusika, barabara zinapotengenezwa, njia ya baiskeli isisahauliwe. Baiskeli ni chombo cha wananchi.

Mwalimu,
Mtwara Vijijini.