Usifunge mpira bomba lililo karibu na choo

Mkazi wa mjini aonapo bomba la maji linavuja, jambo la kwanza alifikirialo ni bili ya mwisho wa mwezi. Simlaumu. Lakini mimi kama daktari ningependa msomaji alitazame tundu lile kwa upande wa pili: penye nafasi ya maji kutoka, pana nafasi ya uchafu kuingia.

Maji yakiwa na nguvu bombani husukuma kwenda nje. Yanapokatika, nguvu ile hupotea. Yaliyosalia huteremka kuelekea nyumba za chini, na tundu lililokuwa likitoa maji sasa hufyonza kilicholizunguka, yaani matope, maji ya mvua, na hata majitaka endapo shimo la choo liko jirani. Siku maji yanaporudi, uchafu huo ndio unaotangulia mferejini. Hapa Kakamega mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hivyo udongo unaolizunguka bomba ni nadra kukauka.

Madhara yake yanajulikana. Kipindupindu kilichozuka Zimbabwe mwaka wa 2008 na kuendelea hadi 2009 kiliwapata watu zaidi ya 98,000 na kuua zaidi ya 4,000. Jijini Harare, kuchakaa kwa mabomba ya maji na ya majitaka kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Nyumba nyingi za miaka ya sitini na sabini ziliwekwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki huisha, kutu ikaanza kula chuma kutoka ndani, na macho hayaoni kitu mpaka siku maji yanapochuruzika ukutani. Ndiyo sababu tundu moja katika bomba kuukuu haliji peke yake.

Sasa, ufanye nini? Dawa ya wengi ni kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwa waya. Kwa bomba lililo wazi ukutani, mahali pakavu, mpira huo unaweza kukusitiri siku mbili tatu huku ukitafuta fundi. Kibano cha chuma chenye mpira ndani hudumu zaidi. Lakini kwa bomba lililozikwa ardhini, hasa linalopita karibu na choo au mfereji wa majitaka, viraka hivyo mimi navipinga kabisa. Vikilegea hutajua, na watakaojua kwanza ni matumbo ya watoto.

Fundi mwingine atakuambia akate kipande kilichooza na kuunga kipya. Yafaa ikiwa chuma kilichobaki bado ni kizima. Kama kimelika, kule kukaza kiungio kipya tu huvunja kile kinachofuata, na utajikuta umemlipa mtu yule yule mara nne kwa mwaka. Hapo afadhali kuacha bomba lote la zamani na kupitisha jipya la plastiki. Ardhini, lile jeusi linalouzwa kwa mafundo lina sifa nzuri kwa kuwa viungio vyake ni vichache. Ndani ya nyumba hutumiwa la plastiki linalounganishwa kwa moto, ila lisiachwe juani. Mwambie fundi asifuate njia ya zamani. Bomba la maji lipite mbali na la majitaka, na yakilazimika kukutana, la maji liwe juu.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: katika baadhi ya nyumba kuukuu waya wa ardhi wa umeme ulifungwa kwenye bomba la chuma. Ukiliondoa, umeondoa kinga. Mwite fundi wa umeme akague kwanza.

Kazi ikiisha, fungua mifereji yote mpaka maji yatoke safi. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja; kwa mwinuko wa Kakamega hiyo yatosha. Fanya hivyo pia kila maji yanaporudi baada ya kukatika, na yale ya kwanza yaoshee sakafu.

Najua wapo wanaoona rahisi zaidi kununua dawa. Mtu hupimwa damu kwa kile kipimo cha Widal, huambiwa ana homa ya matumbo, humeza vidonge, kisha mwezi ujao yuko pale pale. Kipimo hicho hudanganya mara nyingi. Kinachoaminika ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu. Na hata aliye na ugonjwa kweli, akirudi kunywa maji yale yale atauambukizwa tena. Mwezi wa Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa hiyo. Mpeleke mtoto, lakini kumbuka chanjo hiyo haizuii kipindupindu wala kuhara kwa namna nyingine.

Mpangaji ataniuliza, je, mwenye nyumba akikataa? Usiku mmoja funga mifereji yote na uandike namba za mita. Zikiwa zimesogea asubuhi bila mtu kutumia maji, una ushahidi. Mpelekee mwenye nyumba kwa maandishi, na akinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma humpa uwezo wa kumwamuru mwenye jengo aondoe jambo linalohatarisha afya ya wakazi.