Moshi wa Matairi Uoshwe Kwanza



Sisi wakaaji wa Goma tumefundishwa na mazuku kuiogopa hewa. Mazuku haionekani wala hainuki. Hulala mashimoni, na mbuzi au mtoto akishuka humo hufa. Basi mbona twasimama bila hofu karibu na tairi liwakalo?

Tairi kuukuu lina faida. Fundi hulikatia viatu, na magurudumu ya chukudu huvikwa mpira wake. Kazi hizo ni njema. Iko na nyingine, ifanywayo katika nchi nyingi: matairi hutiwa ndani ya pipa la chuma lililofungwa kabisa, pasipo hewa, na moto huwashwa nje hata joto lifike digrii 400 au 500. Hayawaki, bali huvunjika, yakatoa mafuta, masizi, nyaya za chuma, na gesi.

Iangalie sana gesi hiyo. Kiwandani mpira wa tairi huchanganywa na salfa ili uwe imara. Ukipashwa moto, salfa hutoka katika hewa ya sumu inukayo kama yai viza. Tena ina hila: ikizidi, huua nguvu ya pua. Mtu husema, “Harufu imekwisha,” kumbe sumu imeongezeka.

Dawa yake iko. Kwanza gesi hupozwa, mafuta yadondoke. Kisha hupitishwa katika mnara ambamo maji yenye soda kali, ile ya watengeneza sabuni, hunyesha kama mvua na kuishika sumu. Gesi iliyooshwa huchomwa chini ya pipa lile lile badala ya kuni, na moshi wake huoshwa tena kwa maji ya chokaa.

Kwa hiyo nasema: tanuru lisilo na mnara wa kuoshea lisikaribishwe mtaani. Mwenye tanuru akija na ahadi ya kazi, mwulize maneno matatu. Utaiosha gesi kwa kitu gani? Nani ataipima hewa, kwa chombo wala si kwa pua? Maji machafu utayamwaga wapi? Maana ardhi yetu ni mawe ya volkano yenye nyufa, na wengi twateka maji katika Ziwa Kivu. Sumu iliyotolewa hewani isirudi nyumbani ndani ya ndoo.

Nawe, mama, usiwashe jiko kwa kipande cha tairi. Moshi ule mweusi hauna mnara wa kuuosha, ila mapafu ya watoto wako.