Siku za Mfungwa Zisiongezwe Bila Haki

Kwa Kamishna Jenerali wa Magereza,
Nairobi.

Bwana Kamishna Jenerali,

Nakuandikia kuhusu kesi zisizofika kortini: zile zinazosikizwa gerezani kwenyewe, mbele ya afisa msimamizi, askari aliyeleta mashtaka akiwa ndiye shahidi.

Tuseme msako umefanywa na simu imepatikana chini ya godoro, katika chumba wanacholala wafungwa wengi. Ni ya nani? Ya mwenye godoro, au ya jirani aliyeisukumia huko aliposikia askari wanakuja? Swali hilo lataka mashahidi na muda. Likikatwa juu juu, mtu hupoteza miezi.

Nasema miezi kwa sababu Sheria ya Magereza, Sura ya 90, humpa mfungwa mwenye bidii na nidhamu punguzo la theluthi moja ya kifungo. Wa miaka 6 hutoka baada ya 4. Punguzo hilo laweza kufutwa akipatikana na kosa la gerezani. Anayelifuta anamrefushia mtu jela, na ndiye mkubwa wa kazi wa askari aliyeshtaki. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Katiba haikuishia kwenye lango la gereza. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa kiutawala ufuate utaratibu wa haki, na anayeumizwa nao apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 51 kinamwachia mfungwa haki zake zote, ila zile zisizopatana na kufungwa kwake.

Wengine wamelipigania jambo hili. Mwaka 1974, kesi ya wafungwa wa Nebraska waliokuwa wakipokonywa punguzo lao ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Haikuwapa haki ya wakili, lakini iliamuru mfungwa apewe shtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla ya kusikizwa, kisha aandikiwe ushahidi na sababu za uamuzi. Mwaka 2003, katika kesi ya Ezeh na Connors dhidi ya Uingereza, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema siku za ziada gerezani walizopewa wafungwa hao wawili zilikuwa adhabu ya jinai, hivyo walistahili wakili.

Utaniambia gereza lina fujo zisizongoja wakili. Ni kweli, mwenye kisu na atengwe papo hapo. Ila hesabu ya siku zake yaweza kungoja hadi kesho kutwa.

Naomba mambo matatu. Mfungwa apewe shtaka lililoandikwa kwa lugha anayoielewa, siku moja kabla. Apewe nakala ya uamuzi na aelezwe pa kukata rufaa. Na punguzo lisifutwe ila na hakimu kutoka nje ya gereza.

Mawili ya kwanza hayangoji sheria mpya. Waraka wako kwa magereza yote watosha. La tatu ni la Bunge, na wabunge watalisikiliza zaidi likitoka kwako kuliko likitoka kwangu.

Wako,
Mwananchi