Mkono Mtupu Haujifunzi

Safu hii kwa kawaida hukaa darasani: ngeli, ushairi, mitihani, na ule mjadala wetu usiokwisha wa nani anasema Kiswahili sanifu na nani hasemi. Katika toleo hili tunawaomba ruhusa walimu wetu tuvuke barabara hadi maktaba ya umma, kwenye chumba cha watoto. Tangu Septemba wanachama wetu wamekuwa wakikaa sakafuni pale, Jumamosi ya pili ya kila mwezi, pamoja na watoto wa miaka 3 hadi 6. Maktaba imetupa chumba hicho hadi Mei. Baada ya hapo itaangalia ni watoto wangapi waliokuja na wangapi walioendelea kuja, kisha itaamua kama saa ya Kiswahili ibaki kwenye ratiba au wapewe wengine.

Wanaokuja ni akina nani? Wengi ni watoto wa familia zilizotoka mashariki ya Kongo, zikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma kule Turkana kabla ya kuletwa hapa Marekani. Wengine ni wa Wakenya na Watanzania waliofuata masomo au kazi. Karibu wote wana hali moja: mzazi anasema Kiswahili, mtoto anaelewa, lakini anajibu kwa Kiingereza. Akishaingia chekechea akiwa na miaka 5, siku yake nzima inakuwa ya Kiingereza, na kile kidogo alichokuwa akijibu nyumbani kinapungua. Mama mmoja alituambia mlangoni, "Walimu, mimi na mwanangu ni kama mimi na redio. Yeye anasema yake, mimi nasema yangu." Hakuwa anatania.

Baadhi ya wanachama wameuliza kwa nini tunawapa watoto hawa unga, kadibodi na vitambaa badala ya kuwasomea tu. Jibu ni la zamani kuliko sisi. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg, aliwapa watoto mipira ya nyuzi na maumbo ya mbao, akayaita zawadi. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi kwenye karatasi ya msasa ili kidole kiijue herufi kabla ya kalamu. Wote wawili waliona jambo ambalo kila bibi wa kwetu analijua: mtoto mdogo hufikiri kwa mikono. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sisi tumeona kwamba haujifunzi pia.

Kuna habari nyingine ya historia ambayo inatuhusu zaidi. Chekechea ya kwanza hapa Marekani ilifunguliwa mwaka 1856 huko Watertown, Wisconsin, na Margarethe Schurz, mhamiaji kutoka Ujerumani, na ilifundisha kwa Kijerumani. Ile ya kwanza ya Kiingereza ilikuja baadaye, mwaka 1860, pale Elizabeth Peabody alipofungua ya kwake Boston. Kwa hiyo yule anayetushangaa tukiimba kwa Kiswahili katika chumba cha watoto aelezwe taratibu kwamba chekechea yenyewe iliingia nchi hii kwa lugha ya wageni. Na tusisahau mwisho wake: chekechea ile ya Watertown ilifungwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walipoanza kukichukia Kijerumani. Lugha ya watoto haina ulinzi mwingine ila watu wazima wanaoishikilia.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Tunaandika kwa kirefu ili mwanachama ambaye hajafika aweze kuingia Jumamosi moja na kujua aketi wapi.

Tunaanza na kibao cha rafu. Kila mtoto hupamba kipande cha kadibodi chenye urefu wa rula, kwa rangi na karatasi za kubandika. Akitoa kitabu rafuni, anachomeka kibao chake mahali pale. Akirudisha kitabu, kibao kinamwonyesha nyumba yake. Wakutubi wanaipenda shughuli hii kwa sababu vitabu havipotei. Sisi tunaipenda kwa sababu ya maneno. Huwezi kuicheza bila kusema juu, chini, kati, kando, rafuni, kapuni, mezani. Wenzetu wa mwaka wa pili wanaotoka jasho kwa kiambishi cha mahali wangefaidika wakiketi hapo nusu saa.

Kinachofuata ni mfuko wa kupapasa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa chuoni hupewa jedwali la ngeli. Hulikariri, hulisahau, hulikariri tena. Mtoto wa miaka 4 hupewa mfuko. Ndani yake mna kijiko, kikombe na kitabu kidogo. Anaingiza mkono bila kuchungulia, anapapasa, anataja alichoshika. Kisha tunaongeza vya pili, na kijiko kimoja kinakuwa vijiko viwili. Mwezi unaofuata tunatia ndizi, kofia na kalamu, na sauti inabadilika: kofia moja, kofia mbili. Hatumsahihishi mtoto. Akisema "kofia viwili" tunazipokea na kusema, "Ndiyo, kofia mbili," kisha tunaendelea. Wengi hujirekebisha wenyewe kabla ya kipindi kwisha. Angalizo kwa wanaoandaa mfuko: kitu chochote kinachopita ndani ya kile kigogo cha kadibodi cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa maana kinaweza kumkaba. Maharage na kete za bao zibaki nyumbani.

Tatu, sinia la chumvi. Tunamwaga chumvi nyembamba kwenye sinia, mtoto anaandika kwa kidole, anatikisa, inafutika. Kiswahili kina bahati hapa. Mtoto akishapiga makofi matatu kwa ki-ta-bu, kila kofi ni silabi anayoweza kuiandika kama anavyoisikia. Akianza na ma, anapata mama siku hiyo hiyo. Watoto wa miaka 5 ambao shuleni wanahangaika na maandishi ya Kiingereza hufurahi sana kuona kuna lugha isiyowawekea mitego, na lugha hiyo ni ya kwao.

Nne, ubao wa kitambaa. Tunakata sungura, fisi na tembo kwa kitambaa cha felti, na ubao tunauvika felti pia ili wanyama washike. Kila mtoto anapewa mnyama mmoja. Tukishaitana "Paukwa!" na "Pakawa!", msimulizi anaanza, na hadithi inakwama makusudi kila inapomtaja mnyama. "Fisi yuko wapi?" Aliyemshika fisi lazima aje ambandike na aseme, "Yuko hapa!" Mtoto ambaye hajawahi kutujibu kwa Kiswahili hujibu hapo, kwa sababu wenzake wote wanamsubiri yeye. Kati ya hadithi na hadithi tunatega vitendawili vya kitabu, kama hiki kilichotungwa na wanachama wetu: Ana mgongo lakini habebi mzigo, hana mdomo lakini husimulia.

Tano ni kanga, na hii imekuwa kipenzi cha kinamama. Kanga ina pindo, mji na jina. Tunaitandika sakafuni, mtoto anafuata pindo kwa kidole pande zote nne, anatafuta korosho au maua katika mji, halafu anaonyeshwa yale maandishi. Kwa wengi ndipo wanapogundua kwamba nguo ya mama inasema kitu, na kwamba kinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama kitabu. Kinamama wa Kongo walileta vitenge, ambavyo havina jina. Basi tukawapa watoto karatasi ndefu, wao wakasema jina wanalotaka, sisi tukaandika, wakabandika. Mtoto mmoja alitaka kitenge cha mama yake kiandikwe kwamba mama amechoka. Tuliandika hivyo hivyo. Mama yake, anayefanya kazi zamu ya usiku, aliomba aende na karatasi ile nyumbani.

Hapa tunafika kwenye mjadala uliotuchukua mkutano mzima wa Novemba. Tulipotengeneza kadi za picha za chakula, wengine walisema tuandike kisamvu na ugali tu, kwa kuwa ndicho Kiswahili kinachofundishwa chuoni. Lakini mtoto wa Bukavu anakula sombe, na bugali. Msimamo wa safu hii ni huu: neno la mama litangulie, la kitabu lifuate. Mtoto akiambiwa kwamba neno la nyumbani kwao ni kosa, hatakimbilia sanifu. Atakimbilia Kiingereza, ambako hakuna anayemcheka. Kadi zetu sasa zina maneno yote mawili, moja juu na moja chini, na watoto wa Kitanzania wamejifunza sombe bila kudhurika. Walimu wetu watatusamehe, au watatuandikia. Safu iko wazi.

Kuhusu vitabu vyenyewe, rafu bado ni nyembamba. Maktaba nyingi za Marekani zina Moja Means One cha mwaka 1971 na Jambo Means Hello cha mwaka 1974, vya Muriel na Tom Feelings, ambavyo vyote vilipata heshima ya Caldecott kwa michoro yake. Maelezo yake ni ya Kiingereza, lakini picha ni nzuri mno na mzazi anaweza kuzisimulia apendavyo. Kwa hadithi za Kiswahili kizima tunategemea African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini ambao huruhusu hadithi zake zichapwe bure. Tunachapa kurasa, watoto wanapaka rangi, tunatoboa matundu, wao wanapitisha uzi wa sufu na kufunga fundo. Kila mmoja anaondoka na kitabu alichokishona mwenyewe. Katika nyumba kadhaa, hicho ndicho kitabu cha kwanza cha Kiswahili kuingia.

Kuna mambo mawili ya wazazi ambayo wanachama wayashike kichwani. La kwanza, si kila mzazi alipata shule. Usimkabidhi mtu kitabu mbele ya mwanawe na kumwomba asome. Mpe kitabu cha picha tupu, kisicho na maneno, umwombe asimulie. Utamsikia msimulizi ambaye hakuna kozi ya chuo itakayokupa. La pili, familia nyingi huogopa kadi ya maktaba kwa kudhani kitabu kikichelewa kitaleta deni. Maktaba nyingi zimeondoa faini za kuchelewesha; Chicago ilifanya hivyo mwaka 2019, na ya mji wetu pia haitozi. Kitabu kikipotea kabisa hapo ni habari nyingine. Elezeni yote mawili kwa Kiswahili, polepole, kabla ya kumpa mtu fomu.

Tunayoomba ni matatu. Kwanza, watu. Wanachama wanne walioanzisha kazi hii wanahitimu Mei, na saa ya Kiswahili haiwezi kuongozwa na mtu mmoja: mmoja asimulie, mmoja aangalie sinia, mmoja akae na watoto wa miaka 3, mmoja awe mlangoni na wazazi. Wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya kigeni wasiogope. Watoto hawajali lafudhi yako, na watakusahihisha bila kukutoza ada. Pili, vitu: kanga au kitenge kilichochakaa, mabaki ya felti, masinia, maboksi. Meza ya chama iko wazi kila Jumatano mchana. Tatu, kwa walimu wetu: mnatudai saa za mazungumzo nje ya darasa kila muhula. Tunaomba saa za maktaba zihesabiwe humo. Mwanafunzi aliyemweleza mtoto wa miaka 4 kwa nini kitabu hakilambwi amefanya mazungumzo ya kutosha.

Wakutubi wanasema hawataamua kwa maneno yetu. Wataamua kwa watoto watakaowaona chumbani. Wazazi wametimiza sehemu yao, wengine kwa kupanda mabasi mawili kwenye theluji ya Januari. Iliyobaki ni yetu. Jumamosi ijayo ni ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, ghorofa ya chini, mlango wenye picha ya twiga. Vaeni soksi zisizo na matundu, kwa sababu viatu huvuliwa mlangoni na watoto huona kila kitu.