Jinzi yako na vijidudu vya magadi

Haya, mabrazameni na masistaduu wa Kinondoni na Temeke! Mnajua wenyewe tunavyogombania jinzi zilizopauka pale Tandika. Robota likifunguliwa tu, hakuna cha shemeji wala jirani. Leo nauliza: hivi mnajua hupaushwa na nani?

Zamani viwandani jinzi zilifuliwa pamoja na mawe ya volkano. Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na vimeng'enya, jamaa wa vile vinavyosaga ugali tumboni mwako. Vinang'ata nyuzi za juu za pamba, bluu inatoka. Vingine hutiwa kwenye sabuni ya unga kusaidia kung'arisha nguo.

Sasa sikieni utamu wenyewe. Sabuni ni kali kama magadi, na vimeng'enya vingi humo haviwezi kazi. Ikabidi watafutwe wenyeji wa magadi. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Kenya, kwenye flamingo wengi. Bogoria ni mojawapo ya maziwa hayo, na kando yake chemchemi zinatokota kama chai ya mama ntilie. Ukiingiza mguu umekwisha, lakini vijidudu vinastarehe humo! Kampuni ya Marekani, Genencor, ikapata vimeng'enya vya jinzi na sabuni. Mapene yakaingia.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likaja juu: sampuli zilichukuliwa bila kibali chetu, tunataka fungu letu! Watafiti wakajibu kwamba vibali walikuwa navyo. Lakini Wakenya hawakuishia kulalamika. Mwaka 2007 KWS ilisaini mkataba na Novozymes ya Denmark: kampuni itafute vijidudu, ilipe, na wataalamu wa Kenya wafundishwe kazi.

Mimi nawapa tano. Maana tembo akitoroshwa, mtaa mzima utaona. Kijidudu kinatoka kwenye kichupa mfukoni, na kikifika maabara kinazaliana chenyewe, hakuna haja ya kurudi kukuomba kingine.

Na sisi Wabongo tunalo Ziwa Natron, magadi matupu. Wengi tunalijua kwa flamingo tu. Jamani, utajiri mwingine hauonekani kwa macho. Tusije tukauziwa wa kwetu kwenye robota, tena kwa kugombania!