Indiana Pacers: Jinsi mpira ulivyokimbia kuliko miguu, na swali lililobaki

Fainali ya NBA imekwisha. Oklahoma City Thunder walishinda mchezo wa saba kwa pointi 103 kwa 91, Juni 22, 2025, wakabeba kombe. Lakini wengi wenu mnaotuandikia hamuulizi habari za bingwa. Mnauliza habari za aliyeshindwa: hawa Indiana Pacers wametoka wapi, na wamewezaje kufika fainali wakati hawana jina kubwa kama la LeBron James au Stephen Curry?

Tuseme mapema kwamba sisi wa dawati hili tumewashangilia Pacers msimu mzima. Yapimeni maneno yetu mkilijua hilo.

Fainali ilikuwa inaanza kati ya saa tisa na saa tisa na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Wengi tulilala, tukaamka na matokeo kwenye simu. Matokeo hayaelezi mchezo ulivyochezwa, na uzuri wote wa Pacers uko hapo: walikuwa timu ya kawaida, wakabadilisha namna ya kushambulia, wakawa timu ambayo hakuna aliyetaka kukutana nayo.

Jimbo la mahindi na vikapu

Indiana ni jimbo la katikati ya Marekani, lenye mashamba makubwa ya mahindi na soya, na kikapu huko ni mchezo wa vijijini tangu zamani. Mwaka 1954 shule ya mji mdogo wa Milan, yenye wanafunzi 161 tu, ilichukua ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Muncie Central, shule kubwa kuliko wao kwa mbali, 32 kwa 30. Mtupo wa mwisho ulikuwa wa kijana Bobby Plump. Kisa hicho kinasimuliwa Indiana mpaka leo.

Pacers, timu ya mji mkuu wa jimbo hilo, Indianapolis, waliingia NBA mwaka 1976 na hawajawahi kuuchukua ubingwa wake. Kabla ya mwaka 2025 walikuwa wamefika fainali mara moja tu, mwaka 2000, wakafungwa na Lakers.

Tazama sasa walivyopanda. Msimu wa 2021-22 walishinda michezo 25 na kupoteza 57. Uliofuata, ushindi 35. Kisha 47. Msimu wa 2024-25, 50. Hawakuruka. Walipanda ngazi moja baada ya nyingine, na ngazi ya kwanza iliwekwa Februari 2022.

Mabadilishano yaliyowafaa wote

Mwezi huo Pacers walimtoa Domantas Sabonis, mchezaji wao bora, kwenda Sacramento Kings. Katika mabadilishano hayo wakampata kijana wa miaka 21, Tyrese Haliburton. Watu wengi walishangaa, maana Sacramento walikuwa wanamwachia kijana anayechipukia, na Indiana walikuwa wanamwachia mtu aliyekwisha kuiva.

Leo tunaweza kusema hakuna aliyepunjwa. Msimu uliofuata Sabonis aliisaidia Sacramento kurudi kwenye hatua ya mtoano baada ya misimu 16 ya kukaa nje. Nao Pacers walipata mtu wa kujengea timu nzima. Haliburton si mwenye mbio kuliko wote, wala harukii juu kuliko wote. Namna yake ya kutupa mpira ni ya ajabu, kama mtu anayesukuma kitu kwa pembeni. Lakini anaona. Anajua nani atakuwa wazi kabla mwenyewe hajajua.

Mashambulizi yao yanavyofanya kazi

Katika NBA timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kutupa kwenye kikapu. Timu nyingi hutembeza mpira taratibu, zinampa nyota wao, kisha wengine wanne wanasimama kumtazama akipambana na mlinzi wake. Kocha wa Pacers, Rick Carlisle, aliyeshinda ubingwa na Dallas mwaka 2011, aliachana na njia hiyo. Ukiwatazama Pacers, angalia mambo manne.

*La kwanza ni mbio.* Pacers hukimbia hata baada ya kufungwa. Mpinzani anapofunga, kwa kawaida timu inapumua kidogo. Pacers huuokota mpira chini ya kikapu, wanautupa ndani mara moja, na Haliburton anaupeleka mbele kwa pasi ndefu badala ya kuudunda. Walinzi hawajafika kwenye nafasi zao. Mmoja anamtafuta mtu wake, mwingine bado amegeuka mgongo. Kikapu kinapatikana kabla ulinzi haujapangwa.

*La pili ni pasi.* Hakuna binadamu anayekimbia kwa kasi ya mpira uliotupwa. Kwa Pacers, anayepokea mpira ana uamuzi mmoja wa haraka: atupe, apasie, au aingie ndani. Kusimama na mpira ni dhambi. Msimu wa 2023-24 waliongoza ligi nzima kwa asisti, yaani pasi za mwisho zinazozaa kikapu, wakiwa na zaidi ya 30 kwa mchezo. Msimu huohuo walifunga wastani wa pointi 123.3 kwa mchezo, wa kwanza katika ligi.

*La tatu ni kutopoteza mpira.* Anayekimbia sana na kupasia sana kwa kawaida hupoteza mipira mingi. Hapa ndipo Haliburton anapowashinda wengine. Msimu wa 2024-25 alitoa wastani wa asisti 9.2 kwa mchezo, na mipira aliyoipoteza haikufika miwili. Katika mchezo wa nne dhidi ya New York Knicks, mwezi Mei, alifunga pointi 32, akatoa asisti 15, akadaka mipira 12 iliyogonga chuma, na hakupoteza hata mmoja. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika hatua ya mtoano.

*La nne ni mtu mrefu kukaa nje.* Zamani senta, yaani yule mrefu kuliko wote, kazi yake ilikuwa kukaa chini ya kikapu. Myles Turner wa Pacers alikuwa anasimama nyuma ya mstari wa pointi tatu, na karibu mitupo 4 kati ya 10 aliyotupa kutoka huko iliingia. Senta wa mpinzani akabaki na mtihani: akimfuata Turner nje, kikapu kinabaki bila mlinzi, akibaki ndani, Turner anatupa bila bughudha. Kila alichochagua kilikuwa na hasara.

Mtoto wa Douala

Mambo hayo manne yalihitaji mtu mmoja zaidi, wa kukimbia kama upepo na bado kufunga pale mbio zinapozuiwa. Januari 2024 Pacers walimchukua Pascal Siakam kutoka Toronto, wakatoa wachezaji pamoja na haki tatu za kuchagua vijana wapya katika raundi ya kwanza. Kwa timu ya mji usio mkubwa, hiyo ni bei nzito.

Siakam alizaliwa Douala, Cameroon, mwaka 1994. Baba yake alitaka awe padri, akampeleka seminari huko Bafia. Kikapu alikianza kwa uzito akiwa kijana wa miaka 17 hivi, umri ambao makocha wengi husema umechelewa. Mwaka 2019 alichukua ubingwa na Toronto. Msimu wa 2024-25 ndiye aliyeongoza Pacers kwa pointi, wastani wa 20.2, na alichaguliwa mchezaji bora wa fainali ya Kanda ya Mashariki.

Angalia hiyo namba 20.2. Katika timu nyingi kubwa nyota hufunga karibu 30. Pacers walifika fainali huku mfungaji wao mkuu akiwa na 20, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wengine wengi wa kufunga 10, 12 au 15. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Dakika za mwisho

Faida ya mbio haionekani robo ya kwanza. Inaonekana robo ya nne, wapinzani wanapokuwa wameshika magoti wakihema. Carlisle alitumia wachezaji hata kumi, akiwabadilisha mara kwa mara, ili wake wawe na pumzi wakati wa mwenzake imekwisha.

Dhidi ya Milwaukee, katika muda wa nyongeza, walikuwa nyuma kwa pointi 7 zikiwa zimebaki kama sekunde 40. Wakashinda 119 kwa 118. Dhidi ya Cleveland, timu iliyokuwa imeshinda michezo 64 katika msimu, walikuwa nyuma kwa 7 ndani ya dakika ya mwisho. Wakashinda 120 kwa 119. Dhidi ya Knicks walikuwa nyuma kwa 14 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu. Wakasawazisha, wakashinda 138 kwa 135 katika muda wa nyongeza.

Kisha mchezo wa kwanza wa fainali. Pacers hawakuongoza hata sekunde moja mpaka Haliburton alipotupa mpira wa mwisho. Saa ilisoma sekunde 0.3. Matokeo, 111 kwa 110.

Ukisikia mara moja, sema ni bahati. Mara nne si bahati. Ni timu inayojua kwamba mwisho wa mchezo mpinzani amechoka kuliko yeye.

Ukuta wa Oklahoma

Lakini tuwe wa haki. Katika mchezo huohuo wa kwanza Pacers walipoteza mpira mara 19 kabla ya mapumziko. Timu iliyosifika kwa kutunza mpira iliporwa kama mtoto aliyetumwa dukani. Thunder, walioshinda michezo 68 na kupoteza 14 tu katika msimu, walikuwa na walinzi wenye mikono mirefu na mbio zisizopungua. Nao pia walikuwa na wachezaji wengi wa kubadilisha. Silaha ya Pacers ya kuwachosha wenzao haikufanya kazi vizuri kwa watu wasiochoka.

Hata hivyo Pacers waliwafikisha mchezo wa saba. Katika mchezo wa tatu, walioshinda 116 kwa 107, wachezaji wao wa benchi peke yao walifunga pointi 49 dhidi ya 18 za benchi la Thunder. Bennedict Mathurin alitoka benchi akafunga 27.

Haliburton aliumia kigimbi katika mchezo wa tano, akaendelea kucheza. Katika mchezo wa saba alianza kwa moto, akatupia mitupo mitatu ya pointi tatu. Kisha, robo ya kwanza ikiwa bado haijaisha, akajaribu kumpita mlinzi, akaanguka. Kano kubwa ya nyuma ya kisigino, ile inayoitwa Akilisi, ilikuwa imekatika. Pacers walikwenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47. Robo ya tatu ikawamaliza: walifungwa 34, wao wakafunga 20. Mpaka filimbi ya mwisho walikuwa wamepoteza mpira zaidi ya mara 20.

Swali lililobaki

Uongozi wa Pacers umekwisha kutangaza kwamba Haliburton hatacheza msimu mzima wa 2025-26. Na mwezi Julai, Turner, aliyekaa Indiana misimu 10, akahamia Milwaukee. Yule anayeona na yule mrefu wa nje, wote wawili hawapo.

Sasa ndipo tutakapojua kama yale mashambulizi yalikuwa ya timu au ya mtu. Wapo wanaosema mfumo wa Carlisle utasimama kwa sababu kila mchezaji amefundishwa kupasia. Sisi tunaona nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mbio na pasi zinafundishika. Kukimbia na kupasia bila kupoteza mpira hakufundishiki kwa urahisi, na mchezo wa saba ulituonyesha timu hiyo inavyokuwa bila Haliburton mbele ya walinzi wakali. Tunatarajia msimu mgumu kwao, pengine mgumu sana.

Kuna jambo jingine la kufuatilia. Katika mtoano wa mwaka 2025 wachezaji watatu wakubwa walikatika kano hiyohiyo: Damian Lillard wa Milwaukee mwezi Aprili, Jayson Tatum wa Boston mwezi Mei, kisha Haliburton. Mjadala umeanza kama michezo 82 kwa msimu, kwa mbio za siku hizi, ni mzigo ambao mwili unaweza kuubeba. Timu nyingine zitataka kuiga mbio za Pacers. Ni vizuri zihesabu pia gharama yake.

Ligi itakaporudi mwezi Oktoba, ukipata matokeo ya Pacers kwenye simu, usiishie kwenye pointi. Shuka chini utafute mistari miwili: asisti ngapi, na mipira mingapi imepotea. Asisti zikibaki juu na mipira iliyopotea ikibaki chini, basi Haliburton aliacha shule nyuma yake. Ikiwa kinyume, tutajua alikuwa yeye mwenyewe ndiye shule, na Indiana italazimika kumsubiri apone.